Donge Jeusi la Ubwari: Mafunzo Niliyopata kwa Mashine Inayopima Molekuli

Donge la kwanza nililiokota nikiwa na miaka minane au tisa, kwenye mchanga wa Ubwari, ule ulimi mrefu wa nchi unaouona ng'ambo ya ghuba ukisimama Baraka, upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika. Lilikuwa jeusi, ukubwa wa ngumi ya mtoto, gumu asubuhi na laini jua likishapanda. Ukilipasua linanuka kama barabara iliyomwagwa lami jana. Baba mdogo alikuwa akiyakusanya kwenye kopo, anayayeyusha juu ya moto mdogo, kisha anaziba nayo nyufa za mtumbwi wake. Nilimuuliza yanatoka wapi. "Inatokaka chini ya maji," alinijibu, kama mtu anayeulizwa mvua inatoka wapi. Jirani yetu aliyewahi kufanya kazi melini alikataa kabisa. Kwake yeye ule ulikuwa uchafu wa meli, mabaki ya mazutu (dizeli) yaliyoganda. Walibishana mpaka chakula kikaiva, na hakuna aliyemshinda mwenzake.

Vita vya 1996 vilituvusha ziwa usiku. Nilikulia kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, pamoja na maelfu ya watu wa kwetu Fizi, na huko nilifundishwa kemia na mwalimu aliyechora jedwali la elementi kwa mkaa kwenye mbao za masanduku. Swali la donge nilivuka nalo. Baadaye nilisomea kemia hadi chuo, nikapata kazi katika maabara ya ng'ambo yenye spektrometa ya masi, na siku niliporuhusiwa kuitumia kwa swali langu mwenyewe sikuhitaji kufikiri niulize nini. Niliyojifunza nayaandika hapa kwa mpangilio yalivyonijia.

1. Mashine haioni donge. Inapima vigae.

Nilianza nikidhani unaweka kitu na mashine inakutajia jina lake. Haifanyi hivyo. Donge huyeyushwa kwanza katika kiyeyushi, halafu mikrolita moja tu, chini ya tone, hudungwa kwa sindano kwenye mlango wenye joto la karibu nyuzi 300. Pale linageuka mvuke. Mvuke unasukumwa na gesi ya heliamu kupitia bomba la silika lenye urefu wa mita 30 na tundu la robo ya milimita, lililozungushwa kama kamba ya nyavu ndani ya oveni. Fikiria mitumbwi hamsini inayoondoka Baraka saa moja, mingine mitupu, mingine imejaa magunia. Inaondoka pamoja, ila haifiki pamoja. Ndani ya lile bomba kila kampaundi ina mwendo wake, na zinafika mwisho moja moja. Hiyo ndiyo kromatografia ya gesi.

Kila inayofika inaingia kwenye ombwe na kupigwa na elektroni zenye nguvu ya volti-elektroni 70. Pigo hilo ni kali. Molekuli inang'olewa elektroni moja, inabaki na chaji, na mara nyingi inavunjika. Vipande vinachujwa kwa uwiano wa masi na chaji, vinahesabiwa, na unapewa mchoro wa vistari: kipande cha 57 kingi, cha 71 kiasi, cha 85 kidogo zaidi.

Bibi yangu alikuwa mfinyanzi. Ungempa vigae vya chungu kilichovunjika, angekuambia kilikuwa cha maji au cha kupikia, na shingo yake ilikuwa pana kiasi gani, kwa sababu chungu hakivunjiki ovyo. Huvunjika pale kilipo dhaifu. Molekuli nazo ni hivyo. Kazi yangu yote imekuwa kusoma vigae.

Wazo la kupima atomu kwa kuzipinda njiani lilikomaa Cambridge, kwa J. J. Thomson na msaidizi wake Francis Aston, aliyejenga chombo kamili mwaka 1919 na kupata Nobeli mwaka 1922. Lakini mtu ninayemshukuru zaidi ni Fred McLafferty, Mmarekani ambaye, pamoja na Roland Gohlke, aliunganisha bomba la gesi na spektrometa katikati ya miaka ya 1950. Kabla yao ilikubidi uitenge kwanza kila kampaundi kwa mikono, na donge kama langu lina mamia.

2. Chombo ulichobebea huzungumza kabla ya sampuli.

Hili ndilo somo lililoniumiza, na ndilo ninalowafundisha vijana siku ya kwanza.

Nilirudi Baraka likizo, nikavuka hadi kijijini, nikapata madonge matatu. Sikuwa na chupa. Shangazi alinipa bidoni ndogo ya njano, imeoshwa vizuri kwa maji ya moto na majivu, nami nikayafunga madonge kwanza kwenye mfuko wa plastiki. Nilisafiri nayo hivyo wiki mbili, kwenye boti, kwenye basi, kwenye ndege.

Maabarani nilitenga sehemu ya asidi na kuigeuza kuwa esta za methili, maana asidi zenyewe hung'ang'ania bombani na hazitoki vizuri. Mchoro ulipotokea moyo ulinienda mbio. Kulikuwa na kilele kikubwa chenye kipande cha 74 juu ya vingine vyote na ioni nzima ya 270. Kipande cha 74 ni alama ya esta ya methili ya asidi ya mafuta: mkia wa molekuli hujikunja, huazima hidrojeni moja, na kukatika mahali palepale kila mara. Mpangilio huo unaitwa kwa jina la yule yule McLafferty. Na 270 maana yake ni asidi ya palmitiki. Nikasema, haya ni mabaki ya mwani wa zamani wa ziwa! Mwani una palmitiki nyingi, hilo ni kweli. Usiku ule nilimwandikia msimamizi wangu kurasa mbili.

Alinijibu kwa swali moja: asidi nyingine zikoje kwa uwiano?

Nikahesabu. Palmitiki karibu 44 kwa 100. Oleiki karibu 39. Linoleiki karibu 10. Nikakaa kimya. Mtu wa Fizi hahitaji kitabu kuzijua namba hizo, ingawa mimi zilinibidi nizione kwenye jedwali kwanza. Ni mawese. Ni mafuta ya michikichi yetu, yanayojaza bidoni za njano kote kando ya ziwa kuanzia Mboko kushuka kusini. Bidoni ya shangazi ilikuwa imebeba mawese miaka mingi, na plastiki hunywa mafuta kama udongo unavyokunywa maji. Kuiosha kulikuwa kumesafisha uso wa plastiki tu. Tena ilinipasa kushtuka mapema zaidi, kwa sababu oleiki na linoleiki zina viungo maradufu ambavyo bakteria na oksijeni huvila haraka. Haziwezi kukaa maelfu ya miaka kwenye lami zikiwa na uwiano wa mafuta ya jana.

Halafu kulikuwa na kipande cha 149. Kilikuwa kila mahali, kirefu, kimenyooka. Hicho ni ftaleti, kilainishi cha plastiki, na kilitoka kwenye ule mfuko. Mtu yeyote aliyefanya kazi hii anakijua 149 kama mvuvi anavyojua mbu.

Nilitupa kazi yote. Safari iliyofuata nilikwenda na chupa za kioo zilizochomwa kwenye tanuri la nyuzi 450 usiku kucha, vifuniko vimefunikwa kwa karatasi ya alumini, na koleo ya chuma. Sikugusa donge kwa kidole. Watoto wa kijiji walinifuata ufukweni wakishangaa mtu mzima anayeokota uchafu kwa heshima kiasi hicho, nami nikawapa kazi: wao waliona madonge mbali kuliko mimi.

3. Chupa tupu ni sampuli pia.

Tangu siku ile, kila ninapokwenda huwa na chupa moja nisiyoweka kitu. Naifungua ufukweni, naifunga, naisafirisha pamoja na nyingine, naioshea kiyeyushi kilekile na kuipitisha mashineni. Chochote kinachoonekana humo kimetoka kwangu, si kwa ziwa. Vijana huona uvivu kutumia saa nzima ya mashine kupima utupu, nami siwaachii.

4. Kompyuta ikikuambia 94, uliza imelinganisha na nini.

Mashine za siku hizi huja na maktaba ya michoro, mamia ya maelfu ya kampaundi. Unabofya kilele, kompyuta inaleta jina na alama. Kilele kimoja cha donge langu kilipewa alama 94 kwa 100, na jina la alkani yenye kaboni 26. Kilele kilichofuata kikapewa jina hilohilo. Na cha tatu.

Sababu ni rahisi ukishaijua. Alkani ndefu ni mnyororo wa kaboni na hidrojeni tu, na pigo la volti 70 huukatakata mnyororo hadi vipande vya 57, 71, 85, 99, vinavyoachana kwa 14 kila kimoja. Mnyororo wa kaboni 25 na wa kaboni 27 hutoa vigae vinavyofanana kabisa, na ioni nzima, ambayo ingekutofautishia, ni dhaifu mno mpaka inazama kwenye kelele. Kompyuta haikudanganya. Ilisema michoro inafanana, na kweli inafanana. Mimi ndiye niliyesikia zaidi ya ilichosema.

Dawa yake ni ngazi: mchanganyiko ulionunuliwa wa alkani zinazojulikana, kuanzia kaboni 8 hadi 40, unaupitisha siku hiyohiyo kwenye bomba lilelile na joto lilelile. Kila moja ina dakika yake ya kufika. Ukiwa na mchoro na dakika ya kufika pamoja, unaweza kutaja jina. Ukiwa na kimoja tu, sema "inafanana na".

Ngazi hii ina manufaa mengine. Nta ya majani ya miti hupendelea kaboni za namba witiri: 27, 29, 31. Miti ya milima ya Mitumba juu ya Fizi huangusha majani, mito huyashusha, na nta hiyo hukaa kwenye tope la ziwa bila kuoza. Ukiona witiri zimezidi sana, unaona msitu. Mazutu iliyosafishwa kiwandani haina upendeleo huo, na mnyororo wake mwingi huishia karibu kaboni 25.

5. Tafuta ukoo, usitafute mtu mmoja. Na kabla hujatafuta, soma.

Sasa nifike kwenye ubishi wa baba mdogo na jirani.

Katika lami yoyote, kipande ninachokiangalia kwanza ni cha 191. Bakteria wengi huimarisha ngozi ya seli zao kwa molekuli za pete tano, na bakteria wakishakufa mifupa ya pete hizo hubaki ardhini mamilioni ya miaka. Huitwa hopani, na zikipigwa na elektroni karibu zote hutoa kipande cha 191. Guy Ourisson na Pierre Albrecht wa Strasbourg ndio walioonyesha jinsi zilivyotapakaa duniani. Kwenye donge langu hopani zilikuwepo, ukoo mzima, ndugu kwa ndugu.

Hilo peke yake halikumaliza ubishi. Oili ya injini nayo ina hopani, kwa sababu imetokana na mafuta ya ardhini, na mafuta ya ardhini nayo yalikuwa bakteria na mwani. Jirani angeweza bado kuwa na haki. Ilinibidi kutazama koo nyingi pamoja: alkani, hopani, steroidi zilizogeuka mawe, na zile pete za aromatiki zilizoungana ambazo hutokea kaboni inapopata joto kali.

Nilifanya kazi hiyo miezi, kisha siku moja nikakuta makala ya mwaka 2000 katika jarida la Applied Geochemistry, ya Simoneit, Aboul-Kassim na Tiercelin. Nilisoma mstari wa kwanza mara tatu. Ulihusu mafuta yanayobubujika Rasi Kalamba, kwenye ncha ya kusini ya Ubwari. Kwetu.

Walikuwa wamechota mafuta juu ya maji, kilomita 3 hadi 4 kutoka ufukweni, na kuyalinganisha na donge la lami la mchangani. Yalifanana. Mchanganyiko wake ulielekeza kwa bakteria na mwani uliooza, walioiva kwa maji ya moto ya chini ya ziwa, kwa joto lisilofika nyuzi 200. Lile kundi la kawaida la aromatiki zenye pete nyingi halikuwepo. Mafuta yale yalikuwa yamepikwa humohumo ziwani, kwenye tope lake lenyewe, na nyufa za Bonde la Ufa zilikuwa zimeyaachia njia ya kupanda.

Nikakumbuka sauti ya baba mdogo: inatokaka chini ya maji.

Ukilijua ziwa letu, jambo hili linaingia akilini. Tanganyika ina kina cha mita 1,470. Kwenda chini zaidi ya mita 100 au 200 hivi hakuna oksijeni, kwa hiyo mwani unaozama hauliwi ukaisha. Unalala kwenye tope, tabaka juu ya tabaka. Na moto upo. Mwaka 1987 chemchemi za maji ya moto ziligunduliwa chini ya maji upande wetu wa ziwa, Rasi Banza kwenye Ubwari na Pemba huko kaskazini (si Pemba ya Zanzibar). Mwaka 1991 wapiga mbizi wa msafara wa TANGANYDRO, uliounganisha Ufaransa, Zaire, Ujerumani na Burundi, waliziona mpaka kina cha mita 46, wakapima joto la nyuzi 53 hadi 103. Rasi Banza walikuta mabomba ya mawe ya aragoniti yaliyosimama kama vichuguu, mengine yana sentimita 70. Maji ya pale yamejaa chumvi ya kawaida, ya aina inayofanana na ile ya Uvinza, upande wa pili wa ziwa. Chumvi ya Uvinza ndiyo tuliyokuwa tukila kambini. Watu wa Ubwari na watu wa Uvinza wamekuwa wakiishi juu ya chungu kimoja.

Nililia kidogo siku ile, na nitasema kwa nini. Sehemu moja ilikuwa furaha. Sehemu nyingine ilikuwa kwamba makala ile ilikuwa na umri wa miaka mingi, na katika kijiji kilichotoa donge hakuna hata mtu mmoja aliyeijua. Wachunguzi waliifanya kazi yao vizuri na kuiandika wazi; vita vilikuwa vimewafukuza wasomaji wake. Ila ningeisoma mwanzoni, nisingezunguka miezi.

6. Umri ni ushahidi wa aina yake.

Katika makala ile kuna namba moja niliyoiandika ukutani: miaka 25,600. Ndio umri wa donge kwa kaboni-14.

Kaboni-14 hutengenezwa angani na huingia katika kila kinachoishi. Kikifa, hupungua nusu kila baada ya miaka 5,730. Baada ya miaka elfu hamsini hivi hakuna kilichobaki cha kupimika. Mazutu na oili ya injini hutokana na mafuta ya mamilioni ya miaka, kwa hiyo hazina kaboni-14 hata chembe. Donge la Kalamba lilikuwa nayo. Kidogo, kama 4 kwa 100 ya kitu kilicho hai leo, lakini ipo. Kwangu hiyo ndiyo hoja ambayo jirani yetu, Mungu amrehemu, asingeweza kuijibu. Uchafu wa meli hauna kumbukumbu ya jua.

Hata hapa nimejifunza kupunguza mwendo. Mafuta haya ni mchanganyiko, na umri wake ni wastani wa vitu vilivyokutana. Chemchemi za chini zinaweza kuleta kaboni ya zamani, mwani ukaila, ukaonekana mzee kuliko ulivyo. Kwa hiyo namba 25,600 naisoma kama "tope la enzi za barafu, ziwa likiwa chini kuliko leo", bila kuiwekea mwezi na siku. Watafiti wenyewe waliitumia hivyo, kufikiria tabaka lililozaa mafuta hayo na hali ya ukame wa wakati ule.

7. Kuna vitu visivyopaa.

Kila nilichoeleza mpaka hapa kinadai kampaundi igeuke mvuke bila kuungua. Nyingi hazikubali. Ule wekundu wa mawese yetu ni karotini, yenye masi ya 536. Ukiipeleka kwenye mlango wa nyuzi 300 utapata moshi. Kwa hizo hutumika kromatografia ya kimiminika, na ioni hutengenezwa bila pigo kali. John Fenn, mmoja wa waliofungua njia hiyo kwa molekuli kubwa, alipata Nobeli mwaka 2002.

Nataja hili kwa sababu ya ziwa. Kuna viumbe vidogo, arkea, ambavyo hurekebisha mafuta ya ngozi zao kulingana na joto la maji: maji yakipanda joto, mafuta yanaongezewa pete. Molekuli hizo ni nzito, karibu 1,300, na kila pete inayoongezeka hupunguza masi kwa 2. Spektrometa inaona 1,302, 1,300, 1,298, na kutokana na uwiano wao unasoma joto la ziwa la wakati arkea wale walipokuwa hai. Mwaka 2010 Jessica Tierney na wenzake walitangaza katika Nature Geoscience kwamba joto la juu la Tanganyika, nyuzi 26, lilikuwa kubwa kuliko wakati wowote katika miaka 1,500. Tope walilolipima lilitoka upande wa Tanzania, lakini maji hayana mpaka. Maji ya juu yakipata joto hayachanganyiki vizuri na ya chini, chakula kinabaki kilindini, na ndakala, yaani dagaa, wanapungua. Nyavu nyingi nazo zina sehemu yake, wala sitaki mvuvi yeyote aambiwe kwamba ni hali ya hewa peke yake. Lakini mama anayeanika ndakala Baraka na kuona turubali lake halijai, ana haki ya kujua kwamba jambo analoliona limeandikwa kwenye ngozi ya kiumbe kisichoonekana kwa macho.

8. Jibu lirudi kwa aliyeuliza, na lirudi na mipaka yake.

Niliporudi mara ya tatu nilikwenda moja kwa moja kwa baba mdogo. Amezeeka, mtumbwi anavulia kijana wake. Watu walikusanyika, kama inavyokuwa. Nilieleza kwa vigae vya bibi, kwa mitumbwi inayofika kwa zamu, kwa mwani na chungu cha chini ya ziwa. Walielewa. Nimewahi kueleza jambo hilohilo mbele ya wataalamu na kupata maswali dhaifu zaidi.

Kijana mmoja akauliza lile nililoliogopa: "Dada, basi tuko na pétrole?"

Unapokuwa na mashine nyuma yako, neno lako ni zito, na Fizi tumeshaona jinsi neno "dhahabu" linavyoleta watu wenye bunduki. Mwezi Julai 2022 Kinshasa ilitangaza zabuni ya vitalu 27 vya mafuta, vingine vikiwa vya bonde la Tanganyika. Oktoba 2024 zabuni hiyo ikafutwa. Wote pale walikuwa wamesikia nusu ya habari hiyo. Nikajibu kwa uangalifu kuliko nilivyowahi kujibu popote. Nilisema donge linaonyesha mafuta yalitengenezwa, na kwamba yanapanda. Haliwezi kusema ni mengi au machache, wala kama yamekusanyika mahali au yanavuja tu na kuisha. Spektrometa inasoma ukoo wa kitu. Haipimi ghala lake. Kijana aliniangalia muda mrefu. Nadhani alitaka jibu refu zaidi, lakini ndilo nililokuwa nalo.

Baba mdogo hakuuliza kuhusu pétrole. Alitaka kujua wale Wazungu walichota wapi hasa. Nikamwonyesha ramani. Akaishika mbali na macho, akatikisa kichwa. Akasema hapo ni mahali pamoja tu, lakini kuna pengine, karibu zaidi, ambapo asubuhi pasipo upepo maji hung'aa rangi rangi kama kifua cha njiwa, na yeye amepapita tangu kabla sijazaliwa.

Tulikwenda kesho yake, yeye, kijana wake na mimi, na chupa sita za kioo na ile moja ya kubaki tupu. Motere ilizimwa mbali kwa ombi langu, ili esanzi isiingie kwenye maji tutakayochota, tukapiga makasia kipande cha mwisho. Utando ulikuwepo, mwembamba, unajikunja na kujikunjua. Nikachota. Nikachukua kalamu, nikaandika tarehe na saa, halafu nikamuuliza pale panaitwaje, kwa sababu ramani yangu haikuwa na neno lolote.

Akataja jina la Kibembe. Nikaliandika kwenye chupa. Akaniambia nimsomee nilichoandika. Nikasoma, akanisahihisha irabu moja, nikafuta, nikaandika tena.